Mpaka wa pili: gharama za simu katika safari za kuzunguka Ziwa Victoria

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo moja kuhusu safari za barabara za kuzunguka Ziwa Victoria. Katika mikutano ya wadau wa utalii hapa Mwanza sijalisikia likitajwa, ingawa kila dereva anayevuka Sirari kuingia Kenya au Mutukula kutoka Uganda analifahamu: gharama ya kutumia laini ya nyumbani ukiwa nchi jirani imekuwa mpaka wa pili, na tangu janga la UVIKO-19 lilipohamishia vyeti vya afya kwenye simu, mpaka huo wa pili una usumbufu kuliko ule wenye geti na askari.

Kazi yangu ni kuwapangia watu safari hizo. Baadhi yao ni wageni kutoka Ulaya wanaotembea na magari yenye hema juu ya paa. Wengine, nao wanazidi kuongezeka, ni familia za Mwanza na Geita zinazotaka kwenda Kisumu, kuingia Uganda kwa njia ya Busia, kulala Jinja, kisha kushuka Masaka hadi Mutukula na kurejea nyumbani kupitia Bukoba. Tangu Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, upande wetu wa mzunguko huo umekuwa mwepesi, maana pale tulipozoea kupanga foleni ya kivuko sasa gari linapita juu ya maji kwa dakika chache. Barabara ipo, na vituo vya pamoja vya mpakani vipo, ambapo maofisa wa nchi mbili wanakuhudumia chini ya paa moja. Simu peke yake ndiyo haijajua kwamba tuko katika jumuiya moja.

Wageni wengi wa Ulaya ninaowahudumia, kwao ni watu wa karavani, yaani kile kijumba cha magurudumu chenye kitanda, jiko na choo, ambacho mtu hukivuta nyuma ya gari lake na kwenda nacho likizo. Mtu wa namna hii hapangi safari kama abiria wa ndege. Abiria wa ndege anavuka mpaka mmoja, anafikia hoteli moja, na masharti yake anayasoma mara moja tu. Mwenye karavani anaweza kutoka Uingereza asubuhi, akalala Ufaransa, keshokutwa yuko Ujerumani, na kabla ya wiki kwisha ameshafika Italia, na katika kila hatua anaitegemea simu kwa ramani, kwa nafasi ya kambi ya usiku unaofuata na kwa malipo ya barabara. Ukiangalia vizuri, huyo hana tofauti na familia ya Nyegezi inayozunguka ziwa kwa Noah, isipokuwa kwamba familia yetu inalala gesti. Kwa sababu hiyo yaliyowapata wenzetu wa karavani kati ya 2020 na 2022 yanastahili kusomwa hapa Mwanza kwa makini.

England ilipofungua tena kambi za karavani tarehe 4 Julai 2020, watu wengi waliamua kwamba kijumba chako mwenyewe, ambacho hakuna mgeni aliyelala ndani yake jana, ndiyo njia salama ya kupumzika. Waliovuka kwenda Hispania hawakukaa kwa amani. Jioni ya tarehe 25 Julai serikali yao ilitangaza kuwa, kuanzia saa sita ya usiku ule ule, kila anayerudi kutoka Hispania atajitenga kwa siku 14. Wiki tatu baadaye ikawa zamu ya Ufaransa: tangazo lilitoka usiku wa tarehe 13 Agosti, sharti likaanza saa kumi alfajiri ya tarehe 15, na katikati ya saa hizo chache magari yalikimbilia bandari ya Calais kuwahi feri na treni ya chini ya bahari. Fikiria mtu aliye kusini kabisa ya Ufaransa, anayevuta kijumba, asiyeweza kwenda kwa kasi ya gari dogo, ambaye tangazo hilo analisoma kwenye simu akiwa kambini. Kama simu yake haikuwa na intaneti usiku ule, alijua habari baada ya muda kupita.

Mwaka uliofuata Uingereza ilizigawa nchi kwa rangi za kijani, manjano na nyekundu, na anayerudi alitakiwa kujaza fomu ya mahali alipo kwa njia ya mtandao ndani ya saa 48 kabla ya kuwasili. Fomu hiyo mwenye karavani aliijaza akiwa bado ng'ambo, mara nyingi kando ya barabara, huku akitafuta namba ya kipimo alichokwisha kukilipia. Umoja wa Ulaya wenyewe ulifanya jambo la busara zaidi: cheti chake cha kidijitali cha UVIKO, kilichoanza kutumika tarehe 1 Julai 2021, kilikuwa na msimbo wa QR ambao ungeweza kuuonyesha kwenye simu au kuuchapa kwenye karatasi, na ofisa aliyeukagua hakuhitaji msafiri awe na salio hata la senti moja. Naomba wahusika wa afya mipakani waliangalie hilo la karatasi, maana nitalirudia.

Sasa kuhusu bei za simu. Ulaya ilianza kuzibana gharama za romingi, yaani za kutumia laini ya nyumbani ukiwa nchi nyingine, mwaka 2007, kwa kuweka kikomo cha senti 49 za yuro kwa dakika moja ya simu unayopiga na senti 24 kwa unayopokea, na ikachukua miaka 10 ya kushusha kidogo kidogo hadi tarehe 15 Juni 2017, ilipoamuliwa kwamba raia wa nchi mwanachama atumie kifurushi chake cha nyumbani popote ndani ya umoja huo bila nyongeza, kwa matumizi ya kawaida ya msafiri. Mwaka 2022 utaratibu huo uliongezewa miaka mingine 10. Waingereza, kwa kuwa walikuwa wamejitoa katika umoja, walipoteza kinga hiyo ya kisheria, na mwanzoni mwa 2022 baadhi ya kampuni zao kubwa zikarudisha malipo ya takriban pauni 2 kwa siku kwa wateja wa mikataba mipya. Kwa wastaafu waliozoea kuvuta karavani hadi Hispania na kukimbia baridi huko, pauni 2 za kila siku si kitu cha kupuuza, ingawa wao wana pigo kubwa zaidi, kwani sasa hawaruhusiwi kukaa zaidi ya siku 90 katika kila siku 180.

Msomaji wa pwani ya ziwa letu huenda akasema hayo ni ya Wazungu na fedha zao. Sivyo. Katika jambo hili sisi ndio tuliotangulia. Septemba 2006, kabla Ulaya haijaweka hata kikomo chake cha kwanza, kampuni ya simu ya Celtel iliunganisha mitandao yake ya Kenya, Uganda na Tanzania, mteja akawa anapiga simu kwa bei za nchi aliyomo, anapokea bila kulipa, na anaongeza salio kwa vocha iliyonunuliwa dukani hapo hapo alipo, bila kujiandikisha kokote wala kuweka amana. Wavuvi na wafanyabiashara wa enzi hizo wanakumbuka. Nchi tatu zilizounganishwa siku ile ndizo hizi hizi tatu zinazogawana maji ya ziwa hili, na mpango ule ulisifiwa duniani kote kuwa wa kwanza wa aina yake. Lakini ulikuwa uamuzi wa kampuni moja, haukuwa sheria, na kinachotolewa na kampuni kwa hiari yake kinaweza kuondolewa kwa hiari hiyo hiyo.

Sheria ilipokuja, ilikuja bila sisi. Mwishoni mwa 2014 Kenya, Rwanda na Uganda zilianza kutekeleza mpango wa Mtandao Mmoja, ambao uliifanya simu ya kupokelewa ukiwa nchi mwenzako iwe bure na ya kupigwa isizidi senti 10 za dola kwa dakika, na baadaye Sudan Kusini ikaungana nao. Mpango ulianza na simu za sauti, na idadi ya simu kati ya nchi hizo ikapanda kwa kasi kubwa. Tanzania, yenye karibu nusu ya ziwa, haikuwamo walipoanza.

Kuna mahali Ulaya panapofanana na hapa petu kwa namna ya kushangaza. Ziwa la Konstanz linapakana na nchi tatu, Ujerumani, Austria na Uswisi. Mbili za kwanza zimo katika Umoja wa Ulaya, ya tatu haimo, kwa hiyo kinga ya romingi inaishia kwenye mpaka wa Uswisi, na mwenye karavani anayetoka Ujerumani kwenda Italia kwa kukatiza Uswisi anashauriwa kuzima data mapema. Machi 2020 miji miwili ya ziwa hilo, Konstanz na Kreuzlingen, ambayo imegusana kiasi kwamba mtu hutembea kwa miguu kutoka mmoja hadi mwingine, ilitenganishwa kwa uzio, kisha ukaongezwa uzio wa pili ili watu waliokuwa wakishikana mikono kupitia nyavu wasifikiane. Mpaka ulifunguliwa kikamilifu katikati ya Juni mwaka ule. Uzio uliondoka, Uswisi ikabaki nje ya mfumo wa bei za simu. Kwenye Ziwa Victoria, mpango wa 2014 ulipoanza, nafasi hiyo ya Uswisi tuliikalia sisi.

Anayeona natia chumvi aende Sirari. Kabla hujafika kwenye kituo, gari likiwa bado upande wa Tarime, simu iliyo kwenye dashibodi hupoteza mnara wa nyumbani na kushika wa jirani, na ujumbe wa kukukaribisha Kenya unaingia wakati hata pasipoti hujaitoa mfukoni. Msafiri mmoja niliyempangia safari, mama mfanyabiashara wa dagaa wa Mwaloni Kirumba, aliwahi kumaliza salio lake lote hapo hapo, kwa sababu simu ilikuwa imeachwa ipakue picha na video za makundi ya WhatsApp yenyewe, na kampuni yake ya simu, ambayo sitaitaja, ilimtumia onyo la bei baada ya salio kuisha. Ulaya sheria inailazimisha kampuni kukueleza bei unapoingia nchi nyingine. Isitoshe, kwa matumizi ya data inakukatia huduma ukifikia kiwango fulani cha fedha hadi ukubali mwenyewe kuendelea. Sharti kama hilo halihitaji mkutano wa marais, linahitaji kanuni ya ukurasa mmoja.

Wengi hujibu kwamba dawa ni kununua laini ya Kenya pale Isebania, ng'ambo ya pili ya mpaka wa Sirari. Ushauri huo ulitosha zamani, simu ilipokuwa ya kuongelea tu. Siku hizi laini inasajiliwa kwa kitambulisho, foleni ina urefu wake, na ukishaitoa laini ya nyumbani na kuiweka nyuma ya kava la simu, umeitoa pia namba inayopokea ujumbe wa benki, namba za siri za muda, na ile pesa ya mtandao ambayo ulipanga kuitumia njiani. Wakati wa janga ilikuwa mbaya zaidi, kwa kuwa taarifa za majibu ya vipimo zilitumwa kwa namba uliyoiandika hospitali, yaani ile ile iliyolala nyuma ya kava.

Tukumbushane ilivyokuwa. Tarehe 16 Mei 2020 Kenya ilitangaza kuufunga mpaka wake na Tanzania kwa abiria, malori yakabaki kupita kwa masharti ya madereva kupimwa. Mei 2021 Tanzania nayo ikaweka sharti la cheti cha kipimo kisichozidi saa 72, wakati Kenya ilikuwa ikikubali cha saa 96. Kwa anayeruka kutoka uwanja mmoja kwenda mwingine, tofauti hiyo haina maana. Kwa anayezunguka ziwa ni hesabu isiyofungika: ukipima Mwanza Jumatatu na kupewa majibu Jumanne, ukavuka Sirari Jumatano, ukalala Kisumu, ukaingia Uganda Ijumaa, basi Jumapili unapofika Mutukula kurudi kwenu una karatasi iliyokufa zamani, na unatakiwa utafute maabara katika nchi ya watu. Juu ya hayo kulikuwa na fomu. Tanzania ilikuwa na Afya Msafiri, Kenya ilikuwa na Jitenge, kila moja inajazwa mtandaoni, kila moja inatoa uthibitisho wa kuonyesha dirishani, na inayojazwa kabla ya kuingia nchi fulani lazima ijazwe ukiwa nchi nyingine, yaani kwa data ya romingi au kwa kuomba intaneti gesti. Niliona watu wazima wakiombana intaneti nje ya kituo cha mpakani, mmoja akiwasha simu yake ili watano wajaze fomu. Serikali ilikuwa haijatoza shilingi kwa fomu hiyo, lakini fomu haikuwa bure.

Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwisho wa hali ya dharura ya UVIKO-19 tarehe 5 Mei 2023, na masharti hayo yameondoka. Sisi wa kanda hii, hata hivyo, hatuna sababu ya kulala. Miezi michache kabla ya tangazo hilo Uganda ilikuwa imemaliza mlipuko wa Ebola. Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulithibitishwa Kagera, na Januari 2025 ukathibitishwa tena mkoani humo, wilayani Biharamulo, kwenye barabara ile ile ninayopitisha wageni. Mara zote mbili ulidhibitiwa ndani ya miezi michache, na wahudumu wa afya wa Kagera wanastahili heshima yao. Wakati mwingine masharti ya mpakani yatarudi, pengine kwa wiki mbili tu, pengine kwa ghafla kama yale ya Hispania, na yatarudi kupitia simu.

Ninachoomba kina pande mbili, na upande wa afya ndio rahisi. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zikubaliane sasa, wakati hakuna hofu, kwamba cheti cha afya kilichochapwa kwenye karatasi na chenye msimbo unaosomeka kitapokelewa kwenye kila kituo cha ardhini, kwamba saa za uhai wa kipimo zitakuwa moja kwa nchi zote, na kwamba anayezunguka ziwa kwa barabara atahesabiwa kuanzia alipotoka, asianze upya kila geti. Fomu za mtandaoni ziweze kufunguliwa bila kukatwa salio, hata kwa laini ya nchi jirani, ndani ya eneo la kituo. Na sharti jipya lisimkamate aliyekwisha kuondoka nyumbani kabla halijatangazwa, isipokuwa awe mgonjwa au ametoka eneo lenye mlipuko.

Upande wa simu ni mgumu, na sitaki kuurahisisha. Kampuni za simu zina hoja. Unapotumia laini ya Tanzania ukiwa Kisumu, kampuni yako inanunua huduma hiyo kwa bei ya jumla kutoka kwa kampuni ya Kenya, na bei hiyo ikiwa kubwa, kumlazimisha muuzaji wa rejareja ashushe ni kumlazimisha auze kwa hasara. Ulaya walilielewa hilo, wakaibana na bei ya jumla: sheria yao ya 2022, kwa mfano, iliweka kikomo cha yuro 2 kwa gigabaiti moja kati ya kampuni na kampuni, kikishuka kila mwaka hadi yuro 1 mwaka 2027. Hoja ya pili ni kwamba watu watanunua laini mahali palipo rahisi na kuitumia daima mahali palipo ghali. Hilo nalo lina jibu, kwani Ulaya kampuni inaruhusiwa kuchunguza matumizi ya mteja kwa miezi minne na kumtoza nyongeza yule ambaye kwa kipindi hicho ameishi na kutumia simu nje kuliko nyumbani. Msafiri wa wiki mbili hakamatwi na kanuni hiyo. Mchuuzi wa Sirari anayevuka kila siku na kurudi jioni huenda akahitaji kanuni yake maalumu, na kusema kweli yeye ndiye ningependa afikiriwe kwanza, hata kabla ya wageni wangu. Kuhusu kodi itakayopungua sina wasiwasi mkubwa, kwa sababu leo mtu anazima data kabisa anapovuka, na data iliyozimwa haimpi Kamishna wa Kodi kitu.

Ningependa pia Wakenya na Waganda wasomaji wa gazeti hili wajue kwamba tatizo ni la pande zote. Mgeni wao anayeshuka Serengeti kwa lango la Ndabaka, au anayekuja kununua samaki Mwanza, laini yake nayo ikivuka Sirari inakutana na hofu hiyo hiyo ya gharama. Hoteli zetu zinapokea simu za watu waliopotea njia ya Lamadi kwa sababu walizima ramani wakiogopa gharama.

Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ina utaratibu mzuri wa kutoa takwimu za mawasiliano kila robo mwaka, na ndani yake tunaona idadi ya laini, dakika na matumizi ya data. Kwa hiyo namalizia kwa kuuliza, na ningeshukuru jibu likitoka katika ukurasa huu huu: kampuni ya Tanzania inalipa kiasi gani kwa kampuni ya Kenya au Uganda kwa gigabaiti moja ya mteja wake aliyevuka, bei hiyo ilikubaliwa lini, na je, kuna tarehe iliyopangwa ya kuijadili upya kabla ya msimu wa watalii wa Juni?

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwandaaji wa safari,
Nyegezi, Mwanza.